Anayemwimbia Eliza

Jumapili, 8 Desemba

Eliza ameipungia kamera mkono sasa hivi, na kamera imegeuka ikamtazama. Ameruka-ruka, "Baba! Baba!" kisha akaja kunivuta gauni ili na mimi nipunge. Nimepunga. Tukiwa tunapunga hivyo simu yangu ikaita, namba ngeni. Ni Hosea, baba yake, anapigia simu ya mwenzake huko Itigi.

"Mama Eliza, simu yangu imekufa tangu jana. Umeme wa kambini umekatika, sijui nitachaji lini."

Nikamwambia, acha utani, si unatuona sasa hivi?

"Nawaona kwa nini, kwa sururu?"

Akacheka. Mimi nimejaribu kucheka. Nilipogeuka, kamera ilikuwa bado inamfuata mtoto, kule alikokwenda kuchukua kikombe chake. Haitoi sauti kubwa ikizunguka, ni kama mtu anasaga meno taratibu.

Hosea ni kibarua wa reli, anarudi kwetu Mandewa mara moja kwa mwezi. Alileta kamera na rauta ya mtandao ili asije akakuta mtoto amekua bila yeye kuona. Benson fundi simu ndiye aliyefunga. Mtandao akauita Mama Eliza, paswedi akaweka eliza2022, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Hiyohiyo kwenye rauta, hiyohiyo kwenye kamera. "Usije ukasahau, dada." Nilifurahi sana siku ile, niliona tumekuwa watu.

Labda Benson anajua kwa nini inageuka yenyewe. Nitamuuliza.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Uani kumejaa maji. Eliza kaenda kuyapiga kwa mwiko wangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama mkwe amepiga kutoka Kinyangiri. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, akaulizia mvua, akaulizia mtoto, kisha akaingia kwenye lile neno ambalo nilidhani amelisahau.

"Mwanangu Evodia, nyumba ya kaka yenu Isaka haina sauti ya mtoto mwaka wa tisa huu. Mkewe Lea anakonda. Eliza aje alelewe hapa. Wewe bado binti mdogo, utazaa wengine mpaka uchoke."

Nikasema, mama, Eliza bado mdogo.

"Ndiyo maana aje sasa, kabla hajakomaa moyo. Hosea mwenyewe alilelewa na shangazi yake, kafa? Sasa hivi barabara ni tope, korongo limejaa, gari halipiti. Mvua zikikatika tutakuja."

Hakuuliza kama nakubali. Nimekaa na simu mkononi. Nje mvua inapiga bati, na majirani wote wanaishukuru kwa sababu ya alizeti. Mimi nimeomba isikatike.

Alhamisi, 19 Desemba

Nyuma ya nyumba yetu kuna lile jiwe kubwa, na vijana wa mtaa wamelifanya baraza. Wanakaa juu na simu zao wanatumia mtandao wangu. Leo nimewauliza nani kawapa paswedi. Wamecheka mpaka mmoja karibu ateleze.

"Mama Eliza, si unaitwa mtaa mzima! Tulijaribu eliza tu, tukaongeza miaka, ikafunguka."

Kweli. Tangu asubuhi mpaka jioni watu wanaipiga kelele paswedi yangu njiani: Mama Eliza, naomba chumvi, Mama Eliza, mwanao huyo. Sikuwahi kuliona hilo.

Magreth jirani yangu nilimpa mwenyewe kwa mdomo wangu. Mtu anayekupa moto jikoni kwake utamnyimaje mtandao?

Jumatano, 25 Desemba

Hosea kaja. Tumekula kuku, tumekwenda ibada, Eliza kalala shingoni kwa baba yake. Siku zote mbili kamera haikugeuka hata kidogo. Nimejaribu kumwambia habari ya mama yake. Kasema, "Tutaongea." Akatazama chini. Hosea akitazama chini ujue hamtaongea.

Ijumaa, 27 Desemba



Mchana huu Hosea alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa jikoni nje nasonga ugali wa uwele, Eliza sebuleni. Nikasikia mwanamke anaimba ndani ya nyumba yangu. Haimbi kwa maneno sana, anavuta kwa pua, taratibu, kama anabembeleza. Nilidhani Magreth kaingia. Nikaendelea kusonga. Kisha nikaona Magreth huyo hapo uani kwake, anaanika nguo, mgongo kanipa.

Nimeacha mwiko kwenye sufuria, nimekimbia.

Sebuleni hakuna mtu. Eliza amekaa sakafuni, miguu mbele, ameinua uso kwenye kamera. Anayumba-yumba. Sauti inatoka kule juu. Nilipoingia ikakatika, na kamera ikageuka polepole ikatazama ukuta, kama mtu aliyefumaniwa.

Eliza akaniangalia kwa hasira. Akanyoosha kidole kwa kamera. "Imba," akaiambia. "Imba tena."

Tena! Kwa hiyo si mara ya kwanza.

Nimeitupia kanga juu yake. Ugali umeungua. Nimembeba mtoto mgongoni mpaka sasa, na yeye mzito, hataki kubebwa.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimekwenda kwa Benson na rauta ndani ya mfuko, mtoto mgongoni, mvua juu. Kaniambia, "Dada, mtandao wako ni kama nyumba yenye ufunguo kwenye kitasa." Amenionyesha, lakini nimemwambia usifanye wewe, nielekeze nifanye mimi. Niliishia kidato cha pili, si kwamba sijui kusoma.

Unaandika namba zilizo chini ya rauta kwenye simu, unaingia ndani yake. Humo hakuna Kiswahili. Sehemu ya ulinzi palikuwa na alama ya kwamba hakuna ulinzi mkubwa, nikachagua ule ulinzi unaoitwa WPA2, ndio alioniambia. Nikabadilisha jina la mtandao lisiwe la mtoto. Paswedi nimeweka lile jina la nyumbani la Eliza, alilopewa na bibi yake. Siliandiki hapa. Mandewa nzima hakuna anayelijua, na Hosea hawezi kulisahau.

Jioni vijana wa kwenye jiwe wamepiga kelele, "Mama Eliza, umetukatia maji!" Mioyo yao myepesi. Mmoja wao au dada wa mmoja wao ndiye aliyekuwa anaimba, nina hakika.

Nimetoa kanga kwenye kamera. Hosea alikuwa analalamika haoni.

Alhamisi, 2 Januari

Magreth kaja mlangoni na bakuli la mlenda. "Naona jirani mtandao umekata, au ni simu yangu?" Nimemwambia nimebadilisha. Kasimama akisubiri. Sikumpa. Sikumkaribisha ndani. Kaweka bakuli juu ya ndoo, kaondoka, na hakugeuka.

Jumatatu, 6 Januari

Eliza kaanguka kutoka kwenye kochi. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, usingizi ulinichukua tu, nilikuwa nimefua tangu alfajiri. Kidevu kimevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto na chumvi, kanyamaza, kala. Sikumwambia mtu yeyote, hata Hosea, asije akawaza akiwa kazini.

Jumatano, 8 Januari

Mama mkwe kapiga. Hakungoja hata shikamoo yangu iishe.

"Kidevu cha mtoto kinaendeleaje?"

Nikasema, kidevu gani, mama?

"Evodia. Mtoto anapanda makochi, wewe umelala mdomo wazi kama mlevi. Tumeona. Isaka ameihifadhi kwenye simu. Hata wazee wa ukoo nimewaonyesha, wamesikitika."

Nikageuka nikaitazama kamera. Akasema, kwa upole sasa, na upole wake ndio umeniogopesha zaidi, "Sikulaumu, mwanangu. Umechoka. Tutakupunguzia mzigo."

Sasa naelewa. Ule wimbo wa kwenye kamera ndio Hosea huuimba akimlaza mtoto, wa Kinyiramba, wa kwao. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, siujui mpaka leo zaidi ya mwanzo wake. Magreth ni Mnyaturu kama mimi. Angeuimbaje? Nilikuwa nawatazama watu wa kwenye jiwe, na waliokuwa wanaingia kwangu ni watu wa meza moja na sisi.

Bakuli la Magreth bado liko kwangu. Nimeona aibu kulirudisha.

Alhamisi, 9 Januari

Benson kafungua ile programu ya kamera kwenye simu yangu. "Ulibadilisha mlango wa uani, dada. Kamera ina mlango wake, hukuugusa." Akanionyesha: anayeruhusiwa kutazama ni mimi, ni Hosea, na kuna simu ya tatu. Chini yake pameandikwa jina lake, herufi tatu tu. Lea.

"Huyu hakuvunja," Benson akasema. "Huyu alikaribishwa. Ruhusa imetoka simu ya mumeo."

Nimempigia Hosea hapohapo, bandani kwa Benson, watu wanasikia.

"Ndiyo, nilimpa kaka," akasema, wala hakushtuka. "Mimi niko mbali, kaka akiangalia nyumba yangu kuna ubaya gani? Shemeji Lea anapenda kumwona mtoto. Inamtuliza."

"Anamwimbia, Hosea. Anamwimbia mimi nikiwa jikoni. Mtoto anaitafuta sauti yake. Na mama yako anaonyesha wazee picha yangu nimelala."

Nikasikia vyuma vinagongwa huko kwake.

"Picha gani?" akauliza.

Hakujua. Nilimsikia kwamba hakujua. Nilimweleza yote: wanakuja mvua zikikatika, na Eliza kidevu kimevimba, na mimi nilikuwa nimelala kweli. Akasema, "Mimi sikukubali mtoto aende." Nikamuuliza, ulikataa? Akasema, "Sikukubali." Hivyo viwili si kitu kimoja, na yeye anajua.

Nimemfuta Lea kwenye kamera. Paswedi ya kamera nimeweka ileile ya mtandao, jina la nyumbani, na Hosea nimemwambia. Nimerudi nimelala fofofo.

Jumatatu, 13 Januari

Mvua kutwa. Nzuri.

Jumapili, 26 Januari

Tumetoka kanisani, nikamvua Eliza viatu, akaenda moja kwa moja kusimama chini ya kamera. Wiki mbili ilikuwa kimya. Leo ikamgeukia. Ikasaga meno yake, ikamgeukia, na ile sauti ikaanza, ndogo kuliko mwanzo, kama mtu anayeimba huku amejifunika shuka. Katikati ikaita jina la nyumbani.

Eliza akaitika, "Abee."

Mimi hajawahi kuniitika abee hata siku moja.

Nikachomoa waya. Nikampigia Hosea. Sikumsalimia.

"Kaka aliniuliza," akasema. "Alisema kamera imezima, akauliza paswedi mpya ni ipi. Mama Eliza, nifanyeje? Ni kaka. Yeye ndiye alinisomesha, yeye ndiye alitoa mahari yako. Akiniuliza kitu nitamwambia sitaki? Mdomo unakataa."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia wewe si mwanaume. Lakini nikamsikia anapumua, na nikajua analia, na Hosea simjui akilia. Nje vijana wanacheka kwenye jiwe, mvua imesimama kidogo.

Kisha akasema, "Ibadilishe tena. Zote. Mtandao, rauta, kamera. Weka neno unalolijua wewe tu."

Nikasema sawa, nitakutumia.

"Usinitumie. Usiniambie hata mimi. Kaka akiniuliza niwe sijui. Kusema sijui naweza."

"Na wewe hutamwona mtoto."

"Sitamwona," akasema. "Nitamwona nikija."

Jumatatu, 27 Januari

Nimefanya peke yangu, bila Benson. Kwanza nimeingia kwenye rauta yenyewe, nikabadilisha ile paswedi ya kuingilia humo ndani. Kisha ya mtandao. Kisha ya kamera, na kila moja neno lake, hayafanani. Si jina la mtu. Si mwaka wa mtu. Ni vitu ambavyo nimeviona mimi tu, na nimevichanganya na namba, na sikuandika popote, hata humu. Simu ya Hosea nimeifuta kwenye kamera kwa mkono wangu mwenyewe. Niliangalia jina lake likipotea. Kamera sijaichomeka tena, imekaa pale ukutani imeinamisha kichwa.

Nimemrudishia Magreth bakuli lake, nimeweka vitunguu ndani. Nimemweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasonya.

"Yaani ulidhani mimi nikaimbe kwenye dude la ukutani! Na sauti yangu hii ya chura?"

Tukacheka mpaka nikalia. Nikamwambia nataka kukupa paswedi.

"Sitaki, kaa nayo. Nikiijua nitaulizwa na mwingine. Wewe mlaze mtoto huku kwangu unapofua, basi. Na mimi niko barabarani na mihogo yangu kutwa, gari la kutoka Kinyangiri likiingia mtaa huu nitaliona kabla yako."

Jumanne, 11 Februari

Lea kanitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

"Mama Eliza, mdogo wangu. Kumekuwa giza huku. Mimi sikutaka ile picha, Isaka ndiye aliyeirekodi, mimi nilikuwa namtazama mtoto tu. Nilikuwa nikiamka namtazama anavyokunywa uji. Nifungulie hata kidogo. Sitaimba."

Dada Lea alinipokea vizuri nilipoolewa. Ndiye aliyenifundisha kupika mlenda wa kwao. Nilishika simu, nikafungua ile programu, nikafika mpaka pale pa kuandika jina lake. Moyo uliniuma kabisa. Halafu nikakumbuka ile abee.

Sikufungua. Sikumjibu. Sijui nimekuwa mtu wa namna gani.

Jumatano, 12 Februari

Ujumbe mwingine wa Lea, mfupi. "Basi nitakuja mwenyewe."

Jumapili, 2 Machi

Mvua ndogo, ya kulowesha vumbi tu. Alizeti zimeinamisha vichwa. Kila mtu anasema mwaka mzuri.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna mvua wiki hii. Hosea amepiga, anasema amemwambia kaka yake neno hapana. Nikamuuliza lilitokaje. "Lilitoka vibaya, nililisema nikakata simu. Hajanipigia tena." Ameomba ruhusa kazini, anakuja Ijumaa ya tarehe nne Aprili. Nimempenda upya, sijui kama anajua.

Eliza bado anasimama chini ya kamera. "Imba." Namwimbia mimi, nyimbo za Ikungi. Ananisikiliza kwa adabu kama mgeni.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku, ndefu. Nimeamka na furaha. Magreth kaniambia nisijidanganye, hiyo ni mvua ya kuaga.

Jumatano, 2 Aprili

Msafiri aliyetoka Kinyangiri kamwambia Magreth korongo limekauka, malori ya vitunguu yanapita.

Kesho kutwa Hosea yuko hapa. Kesho kutwa tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua kali tangu asubuhi. Upepo umeanza kuleta vumbi, nyumba ina joto, nimefungua mlango wa mbele upepo upite. Nguo za Hosea nimepiga pasi. Nimeangalia mtandao: ni simu yangu tu iliyomo, hakuna mwingine. Zamani nikiona hivyo ningesema upweke. Leo nimeona raha, kama nyumba imefagiliwa.

Nimekaa mezani naandika. Eliza yuko sebuleni, namwona kupitia mlango wa chumba. Kasimama pale pale pake. Kasema "imba" mara moja, kisha kanyamaza, na mimi nilikuwa nataka kuanza wimbo wangu.

Lakini kuna mtu ameanza kabla yangu. Ile ya kuvuta kwa pua. Nimeinua kichwa, nikadhani ni kumbukumbu tu, maana kamera haina waya, waya ninao hapa mezani nimeukunja. Eliza hatazami juu. Ameigeuzia kamera mgongo, anatazama upande wa mlango, anayumba-yumba, na sasa simwoni pale alipokuwa. Magreth ananiita kutoka barabarani, "Mama Eliza! Mama Eliza we, gari hilo, toka upesi!" na mimi mtandao nimefunga, rauta nimefunga, kamera nimefunga, ila mlango wa